Barbados au Jamaica kwa fungate? Nalipia tiketi wiki ijayo

Msafiri_Tanga
Habari zenu wakuu. Naoa mwaka huu, na mchumba wangu kashasema fungate anataka Karibi, si Zanzibar. Tumebakiwa na visiwa viwili, Barbados na Jamaica, kwa siku kumi. Tunataka bahari tulivu maana yeye hajui kuogelea, chakula kizuri, na tusishinde tumejifungia hotelini. Kipi bora?

Dada_Kilindini
Hongera kaka. Ila hujasema mnaenda mwezi gani, mnatokea wapi, pasi zenu ni za nchi gani, wala mfuko una kiasi gani. Bila hayo tunapiga ramli tu.

Baba_Wawili_Toronto
Kwa asiyejua kuogelea ni Barbados, pwani ya magharibi, Holetown na Paynes Bay. Maji yanatulia kama ya mtungini. Mashariki kule Bathsheba msiguse, ni mawimbi ya Atlantiki yanayovuta. Mwani wa kahawia nao hurundikana zaidi mashariki na kusini. Dola 1 ya Marekani ni dola 2 za Barbados, haipandi haishuki, na madukani wanapokea zote mbili. Ghali ni ghali, vyakula vingi vinaletwa kwa meli. Kuzunguka ni rahisi, kuna vipanya vyao vinaitwa ZR, muziki juu na kujazana kama daladala za Mbagala.

Nyota_ya_Kisauni
Jamaica bwana! Barbados nzima ni kilomita za mraba 430 hivi, siku ya nne mshaimaliza. Jamaica ni karibu 11,000. Kuna ufukwe wa Negril, kuna Blue Mountains zinazofika mita 2,256 na kahawa yake, kuna nyumba ya Bob Marley pale Hope Road, Kingston. Na kuku wa jerk wa Boston Bay, wa viungo vikali, anachomwa juu ya magogo ya mti wa pimento, ule unaozaa kiungo cha allspice, harufu unaipata kabla hujashuka garini.

Msafiri_Tanga
Samahani kwa kuacha mambo. Pasi zote mbili za Tanzania, tunatokea Dar, tunafikiria Septemba. Nimeona tiketi ya bei nafuu inapitia Miami.

Mzee_wa_Tabata
Kijana, usilipe! Ngoja nikusimulie. Mwaka juzi mimi na mama watoto tulikata tiketi ya Montego Bay kupitia Marekani. Nilishahakikisha kwamba Jamaica haitudai viza, nikaona kazi imekwisha. Tumefika uwanjani usiku, binti wa kaunta akafunua pasi kurasa zote, akauliza, "Viza ya Marekani iko wapi baba?" Nikamjibu hatushuki Marekani, tunabadilisha ndege tu. Akanieleza kwa upole kwamba Marekani hakuna kupita bila viza hata kwa saa mbili, lazima upite uhamiaji wao. Nikapiga simu kwa aliyenikatia tiketi, hapokei. Tukasimama na masanduku yetu mpaka ndege ikafunga mlango. Tiketi zilikuwa zile zisizorudishwa pesa, na hoteli ikakata usiku wa kwanza. Mke wangu alilia njia nzima, na shemeji zake walishatuaga kwa pilau. Bei nafuu ya Miami ndiyo hiyo. London nayo inadai viza ya kupita kwa pasi zetu. Tafuta njia ya Amsterdam, tiketi moja mpaka mwisho, na uliza shirika la ndege wakujibu kwa maandishi.

Dada_Kilindini
Pole sana mzee. Na Septemba jamani! Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na Septemba ndiyo kilele. Kimbunga Melissa kiliipiga Jamaica Oktoba 2025, magharibi wakaumia vibaya. Kimbunga Beryl kilipita kusini mwa Barbados Julai 2024, kikavunja mashua za wavuvi. Nendeni Februari. Mbebe na cheti cha homa ya manjano, sindano mchome siku 10 kabla.

Nyota_ya_Kisauni
Hata hivyo wenye hoteli Jamaica wanahitaji wageni baada ya Melissa. Piga simu uulize hoteli yenyewe iko vipi, usiifute nchi nzima.

Mama_Mwiko
Mimi nimeishi Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, miaka miwili. Ijumaa jioni nendeni Oistins mle samaki wa kuchoma. Na cou-cou msikose: ni ugali wa mahindi uliosongwa na bamia, kwa mwiko bapa kabisa, unaliwa na samaki arukaye. Nililia siku ya kwanza, nilidhani niko kwa bibi.

Baba_Wawili_Toronto
Dada, ile si ugali. Ina siagi, na ni laini mno.

Mama_Mwiko
Ni ugali. Unasongwa, unageuzwa kwenye bakuli, unawekwa mchuzi. Kwenu unaitwaje?

Msafiri_Tanga
Nimemsomea mchumba yote. Februari amekubali, Miami tumeifuta. Ila kaona picha za Negril, ameanza upya.

Dada_Kilindini
Na bajeti bado hujataja.

Nyota_ya_Kisauni
Mama Mwiko, hiyo bamia inaingia maji yakichemka au baada ya unga?