Mjadala: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Laptopu ikifa mapema, hasara ni ya nani?

MLETA MADA
Wadau, habari za muda huu. Naleta jambo linalowaumiza watu wengi, hasa wazazi wanaowanunulia watoto vifaa vya chuo.

Mdogo wangu alinunua laptopu iliyotumika kwenye duka moja Kariakoo kwa laki sita na nusu, pesa ya mchango wa ndugu. Dukani iliwashwa, kioo safi, vitufe vyote vinaandika, muuzaji akafungua video ikacheza vizuri. Kabla mwezi haujaisha ikaanza kujizima kila inapopata moto, kisha haikuwaka kabisa. Aliporudi dukani, kijana wa kaunta hakuigusa hata mashine. Alimwonyesha kwa kidole mstari wa chini wa risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi." Basi.

Msimamo wangu ni kwamba mstari ule usiwe na nguvu yoyote pale kasoro inapokuwa ya ndani. Mteja akibadili mawazo tu, au rangi haimpendezi, duka lina haki ya kumkatalia, sina ugomvi na hilo. Ila mashine ikifa yenyewe mapema, ihesabiwe ilikuwa mbovu tangu siku ya mauzo, mpaka muuzaji aonyeshe kwamba mteja ndiye aliyeiharibu. Uingereza wanafanya hivyo chini ya Sheria ya Haki za Walaji ya 2015: siku 30 za kwanza unaweza kuikataa bidhaa mbovu na kurudishiwa pesa yote, na kwa miezi sita ya mwanzo, ukidai itengenezwe au ibadilishwe, kazi ya kuthibitisha ni ya muuzaji. Kwetu kazi hiyo anaachiwa mwanafunzi ambaye hajui hata mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, inakaa wapi.

Karibuni tujadili. Wenye maduka pia, tena ninyi ndio hasa nawahitaji.

MWENYE DUKA, KARIAKOO
Mleta mada, pole kwa yaliyomkuta mdogo wako. Lakini na sisi tusikilizwe.

Mashine hizi zimeshatumika ofisini huko nje miaka kadhaa kabla ya kufika hapa, nyingi zinapitia Dubai. Nachukua kwa jumla, na anayeniuzia akishanikabidhi mzigo hapokei kitu. Ukiniambia nizibebe miezi sita, unaniambia nifunge duka, au nipandishe bei mpaka huyo mwanafunzi ashindwe kununua.

Halafu kuna wateja. Mtu analeta mashine imeshafunguliwa na fundi wa mtaani, RAM ya GB 8 imetolewa imewekwa ya GB 4, anaapa aliuziwa hivyo. Mwingine kaimwagia chai, ukitoa kibodi unakuta sukari imeganda, naye anasema ilizima yenyewe. Nani ananithibitishia mimi? Ule mstari wa risiti ndio kinga pekee tuliyonayo. Anayetaka waranti ya mwaka aende kwa wakala akanunue mpya.

FUNDI
Mimi hizi mashine ndiyo kazi yangu, na naona kaka mwenye duka amesema kweli nusu.

Hiyo ya kujizima ikipata moto kisha inakufa moja kwa moja, mara nyingi nikifungua nakuta chipu iliwahi kupashwa kwa hita. Mashine ilifika ikiwa mbovu, fundi akaipasha moto ili risasi ya kulehemu iliyo chini ya chipu ishike tena, ikawaka, ikauzwa. Kazi ya namna hiyo haidumu. Inaweza kwenda wiki, inaweza kwenda miezi, halafu inarudi kulekule. Na alama zinabaki: bodi imebadilika rangi kuzunguka ile chipu, mabaki ya flaksi, ile dawa ya kulehemu, yanang'aa pembeni, gundi ya kiwandani imekatwa kwenye kona. Ya chai ni tofauti kabisa, utaona kutu ya kijani au nyeupe na njia iliyopita maji. Kwa hiyo msituambie haiwezekani kujua nani kaharibu. Mbele ya pande zote mbili, kwa mashine nyingi, kufungua na kuangalia ni kazi ya nusu saa.

Betri ni habari nyingine. Kwenye Windows andika powercfg /batteryreport, inakutengenezea ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilionao sasa. Ikianza na 50,000 na sasa inajaa 20,000, hiyo si kasoro ya siri, ni uchakavu, na ungeweza kuuona palepale kaunta kabla ya kulipa. Betri sitamtetea mteja. Chipu iliyopashwa, namtetea mpaka mwisho.

Kuna na ile ya kufuli. Mashine inafanya kazi vizuri mpaka siku unaifomati. Ukiiunganisha na intaneti tu, linatokea jina la kampuni ya nchi nyingine, inadai barua pepe ya kazini na nywila. Hapo hata fundi hana la kukusaidia kwa njia halali, kwa sababu mashine bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa kwanza.

MAMA WA MBEYA
Mnaongelea walio Dar wanaoweza kukaa kaunta na kukagua. Sisi wa mikoani tunaona picha, tunatuma pesa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi. Mwanangu tulimnunulia hivyohivyo, ikafika bawaba imevunjika na imepachikwa gundi. Nilipopiga nikaambiwa "mama, ilitoka hapa nzima, labda konda." Huku ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Huo mstari wenu wa risiti mimi niliuona mzigo ukiwa umeshafika!

WAKILI
Niweke sheria mezani, maana watu wengi wanadhani hakuna.

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata ile ya Waingereza ya 1893. Inasema kuna masharti yanayohesabiwa kuwamo ndani ya mauzo hata kama hayakuandikwa. Anayeuza bidhaa za aina hiyo kama biashara yake anawajibika kuuza kitu chenye ubora wa kuuzika. Ukimweleza unaitaka kwa kazi gani na ukategemea ujuzi wake, iweze kazi hiyo. Na muuzaji awe na haki ya kuuza, mnunuzi amiliki kwa amani. Ile mashine yenye kufuli ya kampuni inagusa hapo moja kwa moja.

Sasa upande wa pili. Kama uliikagua, kasoro ambazo ukaguzi ule ungezionyesha huwezi kuzidai baadaye, kwa hiyo fundi yuko sahihi kuhusu betri. Mama wa Mbeya, kwako ni kinyume: aliyenunua bila kuona hahesabiwi ameikubali bidhaa mpaka apate nafasi ya kuridhisha ya kukagua. Lakini ukikaa na kitu muda mrefu bila kusema unakikataa, unahesabiwa umekikubali, na hapo unabaki na madai ya fidia tu. Kwa hiyo kasoro ikitokea, mwandikie muuzaji siku hiyohiyo, hata kwa WhatsApp, na usiipeleke kwa fundi wa mtaani kabla yeye hajaiona.

Kuhusu mstari wenyewe. Sheria ya mauzo inaruhusu pande mbili kukubaliana kuondoa masharti hayo. Swali ni kama kweli mlikubaliana. Risiti unapewa baada ya kulipa, na maneno unayokabidhiwa biashara ikiwa imeshakwisha si makubaliano. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu yake inayohusu masharti ya mikataba ya walaji, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko.

Miezi sita ya mleta mada, hata hivyo, haimo kwenye sheria yetu. Anayedai ndiye anayethibitisha. Ukitaka mzigo huo wa kuthibitisha uhamie kwa muuzaji, ni Bunge.

MSOMAJI WA MOMBASA
Ndugu zetu, huku kwetu jambo hili limeandikwa hadi kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 46: mlaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012 inasema wazi kwamba neno lolote linalojaribu kuyafuta masharti ya ubora ni batili. Na tangu 2021 tuna Mahakama ya Madai Madogo, mwisho shilingi milioni moja za Kenya, kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Hata hivyo ukipita madukani bado utayakuta maandishi yaleyale, na watu wanayaamini. Mimi nasema yapigwe marufuku kuandikwa, kwa faini. Kuwa batili peke yake hakumsaidii asiyejua kuwa ni batili.

MLETA MADA
Hilo la marufuku naliunga mkono kwa mikono miwili. Mdogo wangu aligeuka pale kaunta akaondoka kwa sababu aliyasoma yale maneno akadhani ni sheria. Madhara ya ule mstari yako hapo, na mwenye duka anajua.

Mkuu mwenye duka, nakuuliza moja kwa moja: fundi anasema chipu iliyopashwa inajulikana. Kwa nini usiibebe hiyo?

MWENYE DUKA, KARIAKOO
Kwa sababu na mimi nimeuziwa hivyohivyo bila kujua. Nikipokea mashine mia siwezi kufungua zote.

Ila nimewasoma. Nikubali siku 30 kwa maandishi, kwa masharti: namba ya mashine iandikwe kwenye risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, niweke stika juu ya skrubu, stika ikikatwa hatudaiani. Betri haimo. Na ukiletwa na winga, yaani dalali wa barabarani, akakupandishia bei, unanidai ile niliyopokea mimi, siyo ya winga.

FUNDI
Stika ni sawa kabisa. Siku 30 ni chache kwa chipu iliyopashwa. Weka 90.

MLETA MADA
Hata mimi naona 90. Na la winga silikubali kirahisi. Mteja hajui yule kijana aliyempokea barabarani si wa dukani, na duka linamwachia asimame nyuma ya kaunta.

MWENYE DUKA, KARIAKOO
La winga tutabishana siku nyingine, hata mimi linanikera. Kuhusu 90, siwezi mpaka mwenye kontena naye awajibike. Yeye ndiye anayejua mashine ilitoka kwa nani na ilipita kwa fundi yupi. Mnanibana mimi kwa kuwa nina fremu na bango, lakini risiti yake kwangu ina mstari uleule. Akinipa miezi mitatu kwa maandishi, wiki hiyohiyo nachapisha vitabu vipya vya risiti bila yale maneno.

MLETA MADA
Kama kuna mwagizaji wa jumla anayesoma hapa, ajibu hilo.