Kasa mia: gumzo la kikundi "Nyumba ya Barani, Malindi"

*Jumapili jioni*

Mwanajuma (Bergamo, Italia): Asalaam aleikum nyote. Mjomba Sefu yuko hewani? Nina kesi naye.

Mjomba Sefu: Niko mwanangu. Come stai?

Mwanajuma: Usinikomestai. Jana signora, yule mama ninayeishi naye, kanituma duka la dawa. Nikaingia kifua mbele na Kitaliano chako cha ufukweni: "Ciao amico, senti, guarda, dammi questo," yaani vipi rafiki, sikia, tazama, nipe hii. Mzee wa watu mwenye koti jeupe akanitazama juu ya miwani. Foleni yote kimya. Dawa alinipa, tabasamu akabaki nalo.

Halima: 😂😂😂 Amico!

Mjomba Sefu: Kosa liko wapi? Nimeuza vinyago Silversands miaka ishirini, hakuna Mtaliano aliyeninunia.

Halima: Mjomba, wale walikuwa likizoni na kaptula zao. Ungewaita hata "kijana" wangecheka. Sisi hotelini siku ya kwanza tu tulifunzwa: mgeni ni "Lei", si "tu" yao ya kumwita rafiki. Scusa ni ya shoga yako, usiyemjua ni scusi. Si guarda, ni guardi. Si senti, ni senta.

Mama: Lei ndiye nani?

Mwanajuma: Ndiyo hapo, Mama. Lei ni "yeye", tena yeye wa kike. Daktari ana ndevu mpaka kifuani, nami nimseme kama bibi fulani aliye chumba cha pili. Ndiyo heshima yenyewe.

Mama: Heshima yao ina mzunguko. Lakini hata hapa, mwambie bibi yako "we, lete hicho" uone kama hutaokota meno. Rudi kwa huyo wa dawa ukamtake radhi.

Mwanajuma: Leo wamefunga. Wameandika CHIUSO mlangoni. Mwezi wa kwanza nilikuwa nalisoma hivyo hivyo kwa ch ya chai. Nikadhani ni jina la mwenye duka, maana nikipita mchana maduka yote ya mtaa ni ya Chiuso.

Ali: Tajiri Chiuso 😂

Mwanajuma: Kumbe ch yao ni k, na ch yetu wao huandika ci. Kiuso. Bora irabu zao ni zetu, a e i o u, na maneno mengi yanaishia na irabu. Kuyatamka si kazi. Kazi ni kujua nimetamka nini.

Ali: Waambie ile ya kasa.

Mwanajuma: Aaa. Tukitoka matembezi signora husema "andiamo a casa". Mtoto wa pwani mimi, nasikia kasa, nawaza Watamu na mayai mchangani. Casa ni nyumba. Siku moja anamwonyesha jirani mlango wetu, "la mia casa", kichwani kwangu nahesabu kasa mia. Na Jumapili saa sita mchana lazima televisheni ifunguliwe amwone Papa dirishani. Siku ya kwanza nilingoja mapezi.

Halima: Nimelala chini wallahi 😂

Mama: Na mkono ulioungua umepona?

Mjomba Sefu: Umeungua na nini tena?

Mwanajuma: Bomba la maji. Lina C na F. Hotelini kwetu C ni ya baridi, si ndiyo Halima? Basi nikafungua C kwa nguvu zote, mkono chini. Caldo kwao ni moto. Umepona Mama, imebaki alama tu.

Bibi (Ali anamwandikia): Muulizeni anakula nini huko.

Mwanajuma: Bibi yangu! Nakula sima. Ya manjano, unga wa mahindi mtupu, wanaiita polenta. Signora alikuwa anaikoroga, mkono ukachoka, nikampokea mwiko nikasonga kama ulivyonifunza. Akaniangalia, akasema "Pota!"

Bibi (Ali anamwandikia): Amekutukana?

Mwanajuma: Hata sijui. Akifurahi ni pota, akisahau ufunguo ni pota, mvua ikinyesha pota. Kitabuni halimo. Nikamuuliza mwalimu wa darasa la jioni, naye ametoka Sicilia, akasema hilo ni la watu wa huku Bergamo na Brescia, yeye mwenyewe lilimpiga chenga. Sasa fikirieni. Nikitaka kibali cha muda mrefu nitafanya mtihani wa ngazi ya A2 wa Kitaliano cha kitabuni, na ninayeishi naye kutwa kucha ana lugha yake ya mlimani. Darasani tuko Wamoroko, Wasenegali na mama mmoja wa Ukraine. Tukikwama wote tunaongea kwa mikono, na huo mtihani wa mikono tungepita.

Mwanajuma: Ila kesho ndiyo kesho. Lazima nimpigie simu daktari, signora apate miadi. Ana kwa ana nasoma uso. Kwenye simu nitasoma nini?

Halima: Andika karatasi.

Mwanajuma: Nimeandika, kwa herufi zetu: "Bwonjorno, kiamo per la sinyora, vorei un apuntamento."

Mjomba Sefu: Hapo mwisho ongeza "va bene, capo", sawa bosi.

Mama: Sefu.

*Jumatatu*

Mama: Umepiga?

Mwanajuma: Nimepiga. Muziki dakika kumi, kisha akaja mwanamke anaongea mbio. Nikasoma karatasi yote bila kupumua. Akaniuliza kitu ambacho hakimo kwenye karatasi.

Halima: Cognome.

Mwanajuma: Enhe! Jina la ukoo, tena herufi moja moja. Wao hutaja miji: R come Roma, M come Milano. Miji yao yote ikaniruka kichwani. Nikasikia mdomo wangu unasema "M come Malindi".

Ali: Weee

Mwanajuma: Sikuweza kurudi nyuma. R come Rabai. T come Takaungu. L come Lamu. O nikakwama, nikasema Oman. Kimya kule. Kisha taratibu akanirudishia, "Takaungu… T?" Nikamwambia sì, T. Akaandika yote. Alhamisi, saa 3:40 asubuhi.

Mama: Mashallah. Mwisho hukumwambia ciao?

Mwanajuma: Nilimwambia "arrivederLa", kwaheri ya heshima. Halima alinitumia jana usiku.

Mjomba Sefu: Lakini Takaungu nani alikupeleka ukiwa mdogo? Si mimi?

Halima: Mjomba 😂

Bibi (Ali anamwandikia): Anauliza kwa nini hakusema B come Barani.

Mwanajuma: Jina halina B, Bibi. Pota.