Mjadala: Kompyuta mpya ikiharibika Kigoma, nani agharamie safari yake ya Dar es Salaam?

Ndugu zangu, mchangiaji mmoja ametoa hoja kwamba mwenye duka ni mpitishaji tu wa bidhaa, hivyo kompyuta mpya ikiharibika mteja amfuate mwenyewe mtengenezaji. Sikubaliani naye hata kidogo.

Mnunuzi wa hapa Mwanga, mjini Kigoma, hulipa fedha zake dukani, wala hana makubaliano yoyote na kiwanda kilichoko China. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara wa bidhaa za aina fulani auze kitu chenye ubora unaostahili, na waranti ya mtengenezaji ni nyongeza juu ya wajibu huo, si mbadala wake. Yale mabango ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yasigeuzwe kichaka cha kuficha mashine mbovu.

Jirani yangu mmoja, mama anayeendesha steshenari, alinunua kompyuta mpakato ambayo iligoma kuwaka kabla ya mwezi kuisha. Duka lilimwelekeza aitume kwa wakala Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli, kwa gharama zake, ilhali kazi za kuchapa zilikuwa zikimpita kila siku. Alipoitoa risiti, tulikuta imeandikwa "kompyuta 1" na bei, basi. Hakuna modeli wala namba ya mashine, na maandishi yenyewe yalikuwa yameanza kufifia kwa joto. Kwa karatasi ile angethibitishaje kwamba mashine aliyoishika ndiyo aliyouziwa? Ndiyo maana nasisitiza kwamba namba ya mashine iandikwe kwenye risiti siku ya mauzo, na mteja aitoe kopi risiti hiyo mapema.

Wenye maduka wana hoja moja nzito, nayo ni umeme. Mkoa wetu ulitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na ni kweli umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu unaweza kuunguza chaji au bodi ya mashine, jambo ambalo si kosa la muuzaji. Lakini hilo lithibitishwe na fundi asiye wa duka wala wa mteja, kwa maandishi, badala ya mteja kuambiwa "umeiunguza" kabla mashine haijafunguliwa.

Pale ambapo mteja amedanganywa, kwa mfano kuuziwa mashine iliyotumika kwa jina la mpya, ipo Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Hata hivyo, malalamiko mengi yangemalizika palepale kaunta kama duka lingeipokea mashine, likampa mteja hati ya mapokezi yenye tarehe ya kujibiwa, kisha likaisafirisha lenyewe kupitia kwa aliyeliuzia Kariakoo, ambaye linamfahamu na linaendelea kununua kwake.

Ninawauliza wenye maduka mnaosoma hapa: katika utaratibu huo, ni sehemu ipi msiyoweza kuitekeleza, na kwa sababu gani?