Mahindi ya chakula cha shule yapimwe sumukuvu? Na debe likikataliwa liende wapi?

Mleta mada (Kongwa)

Habari za jioni ndugu zangu. Naleta hoja ambayo huku kwetu imewagawa wazazi, na ningependa watu wa Dodoma yote, Singida na Manyara waichangie, maana mahindi yetu yanapita masoko yale yale.

Shule moja ya msingi huku imeanza kukataa madebe. Kamati imeweka mtu mlangoni mwa stoo. Kila mzazi anayeleta mchango wake, debe linamwagwa kwenye turubai na kukaguliwa. Likikutwa na punje zilizovunda, zilizobadilika rangi au zilizobunguliwa, anaambiwa arudi nalo nyumbani. Wapo waliopongeza. Wapo waliokasirika, wanasema elimu ni bila ada lakini chakula cha mtoto kimewekewa mtihani.

Msimamo wangu nausema mapema: mahindi ya watoto yakaguliwe, tena yapimwe kwa kipimo, ila debe lililokataliwa lisirudi nyumbani. Libaki pale pale na halmashauri itoe jingine badala yake.

Wengi tunaukumbuka mwaka 2016. Watu wa Chemba na Kondoa, na wenzetu wa upande wa Manyara, walifika kwenye vituo vya afya macho yakiwa ya manjano, matumbo yamejaa, wanatapika. Wagonjwa walioandikwa walikuwa 68, waliofariki 20. Watafiti walipochukua mahindi kutoka kwenye nyumba zilizougua walikuta aflatoksini kwa kiwango cha kutisha. Hiyo ndiyo sumukuvu tunayoizungumzia. Inatengenezwa na aina ya kuvu inayoishi udongoni, Aspergillus flavus. Kuipika hakusaidii: kuvu inakufa, sumu inabaki. Maji ya ugali yanachemka kwenye nyuzi 100, na aflatoksini haivunjiki vizuri mpaka joto lipite sana hapo. Ikiingia mwilini, ini linajitahidi kuivunja ili itoke, na katika kule kuvunjwa ndipo inapogeuka kuwa kali zaidi na kujibandika kwenye vinasaba vya seli. Ndiyo maana imewekwa kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Sasa rudini kwenye lile debe. Limekataliwa saa mbili asubuhi, saa nane mchana limeshasagwa. Mtoto tuliyemkinga shuleni analikuta jioni kwenye sufuria ya mama yake, na mdogo wake wa mwaka mmoja analikuta kwenye uji. Shule imejitoa lawamani, sumu imebaki kijijini.

Huyo mdogo ndiye anayeniumiza zaidi. Hapa hapa Kongwa umefanyika utafiti mkubwa uliogawa maeneo ya vituo vya afya 52 katika makundi mawili. Familia za kundi moja zilipewa unga wa uji uliohakikiwa kuwa na sumukuvu kidogo sana, ili ijulikane kama kuiondoa sumu hii kunamsaidia mtoto kurefuka. Udumavu una sababu nyingi, sisemi ni hii peke yake. Lakini takwimu za taifa za 2022 zinaonyesha watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na huku chakula cha kwanza cha mtoto baada ya ziwa ni uji wa mahindi, mara nyingi umetiwa karanga, ambazo nazo zinashika sumu hii hii.

Karibuni.

Mama (Mpwapwa)

Umeongea vizuri, lakini kwanza sikia hali ilivyo. Mwaka wa jua kali tunavuna mahindi madogo, mengine ncha imeoza kabla hayajapukuchuliwa. Tunachambua. Mazuri yanakwenda sokoni kwa sababu ndiyo yenye bei. Sare, daftari na dawa vinatoka humo. Yaliyobaki tunakula. Hakuna mama anayefanya hivyo kwa kupenda. Halafu mtu asimame mlangoni mwa stoo anikatalie mbele ya majirani? Wengine tutaacha kupeleka kabisa, na mtoto ambaye kwao hawajachanga tunajua anavyotazamwa saa ya chakula. Mtoto akishinda na njaa mpaka saa tisa, hiyo nayo si afya.

Mfanyabiashara wa nafaka (Kibaigwa)

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye wakafungua kwa masharti: mzigo uwe na cheti kwamba hauzidi sehemu 10 kwa bilioni. Tangu hapo watu wamejifunza kupima mzigo wa Nairobi. Sioni ni vipi mtoto wa Kongwa astahili kidogo kuliko mteja wa Nairobi. Pimeni.

Afisa ugani mstaafu (Kondoa)

Naomba tutenganishe mambo mawili. Kukagua kwa macho si kupima. Punje inaweza kuonekana safi na ikawa na sumu. Hata hivyo kuchambua kunasaidia sana, kwa sababu sumukuvu haienei sawasawa kwenye gunia. Inakaa kwenye punje chache zilizoathirika vibaya, nazo mara nyingi ni zile zilizovunjika, zilizosinyaa au zilizotobolewa. Ukiziondoa hizo umeondoa sehemu kubwa ya sumu.

Kule kutoenea sawasawa ndiko kunakosumbua kwenye kupima. Ukichota kiganja kimoja juu ya gunia unaweza kukosa punje mbaya zote ukasema ni salama, au ukazipata zote ukawatupia watu chakula kizuri. Sampuli ichukuliwe juu, katikati na chini, kwenye magunia mengi, ichanganywe na isagwe ndipo ipimwe. Vipo vipimo vya vijiti vinavyotoa jibu ndani ya dakika chache baada ya sampuli kuandaliwa. Kiwango chetu cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, yaani zile zile sehemu 10 kwa bilioni, kwa aflatoksini zote, na 5 kwa ile ya B1 ambayo ndiyo kali.

Na watu wa Dodoma wana imani moja ambayo nimepambana nayo kazini maisha yangu yote: kwamba kwetu ni kukavu, kuvu ni tatizo la watu wa mvua nyingi. Kuvu hii inapenda joto, na mmea ulioteswa na kiu hauna nguvu ya kuizuia. Mvua ikikatika wakati hindi linajaza punje, maambukizi yanaanza shambani, kabla hujafikiria ghala. Kwa hiyo mama wa Mpwapwa si mzembe. Sumu nyingine imeingia kabla hajaanza kuvuna.

Ndiyo maana napenda pia tuzungumzie Aflasafe, iliyosajiliwa nchini 2018. Ni mbegu za mtama zilizopakwa kuvu ya jamii ile ile isiyotengeneza sumu, iliyotolewa kwenye udongo wetu wenyewe. Unazisambaza shambani wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa maua, kilo 4 kwa ekari, ile isiyo na sumu inawahi nafasi na kuibana yenye sumu. Kukaguana mlangoni mwa stoo ni kushika mkia.

Mwalimu (Chemba)

Mama wa Mpwapwa, nakuelewa, lakini mimi ni wa Chemba na sitapika mahindi yaliyovunda shuleni kwangu kwa hoja ya njaa. Tulizika.

Sisi hatuna kijiti cha kupimia. Tunatumia chupa na chumvi, na hata wanafunzi wa darasa la sita wanaifanya. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, unatia mahindi mpaka theluthi, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, unafunga, unatikisa vizuri, unaiacha robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado mabichi, hayaingii stoo. Ikianguka chini yote, unyevu wake umeshuka vya kutosha. Kipimo hiki hakionyeshi sumu, watu wasichanganye. Kinakwambia tu kama mahindi yataendelea kuota kuvu ukiyafungia. Mahindi mabichi hatuyarudishi. Tunayaanika kwenye maturubai ya shule, si kwenye udongo, kisha yanaingia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya kinga njaa.

Mwenye mashine (Chamwino)

Mnazungumzia mahindi bila kutaja unga. Shule nyingi zinasaga dona, kwa sababu dona ni nyingi na haina gharama ya kukoboa. Mimi nakoboa na kusaga kila siku, na naona mahindi mabovu yakipita kwenye kinu cha kukobolea: ganda na kiini vinatoka kwenye pumba, na punje iliyooza inavunjika na kutoka humo humo. Yakishakuwa dona huoni chochote tena, yote ni unga.

Jambo jingine. Zile pumba zinanunuliwa zote. Kuku, nguruwe, ng'ombe wa maziwa.

Muuguzi (Dodoma Mjini)

Mwenye mashine amegusa penyewe. Sisi kliniki tunawahimiza akina mama watumie dona, kwa sababu kwenye ganda na kiini ndiko kuna madini ya chuma, zinki, vitamini za kundi B na nyuzinyuzi. Na sehemu kubwa ya sumukuvu inakaa hapo hapo. Kwa hiyo ushauri wa dona unasimama pale tu mahindi yanapokuwa safi. Kama shule haina uhakika na mahindi yake, mimi nasema wakoboe, na upungufu ujazwe kwa unga uliorutubishwa, maharage, mlenda na mboga nyingine. Najua kukoboa kunapunguza wingi wa unga. Nachagua hilo.

Kuhusu pumba, ng'ombe akila chakula chenye aflatoksini B1, sehemu inatoka kwenye maziwa ikiwa imegeuka aina nyingine ya sumu hiyo, iitwayo M1. Kwa hiyo kusema "yaliyokataliwa wapewe mifugo" si jibu.

Na mkumbuke homa ya ini B. Mtu mwenye virusi hivyo akila sumukuvu, hatari ya saratani ya ini inapanda mara nyingi kuliko kila kimoja peke yake. Watoto wetu wanachanjwa wakiwa wachanga, wazazi wao wengi hawakupata chanjo hiyo. Hii ni sababu nyingine ya kukubaliana na mleta mada kwamba debe lisirudi nyumbani.

Mzee (Bahi)

Mimi nauliza kwa nini shule inadai mahindi tu. Ugogo huu tumelelewa kwa uwele na mtama, vinavyostahimili jua letu. Leo ukipeleka debe la uwele shuleni unaambiwa watoto hawali. Hawali kwa sababu hamuwapikii.

Afisa ugani mstaafu (Kondoa)

Shikamoo mzee. Uko sahihi. Mtama na uwele navyo vinaweza kushika kuvu, lakini kwa kawaida aflatoksini yake ni ndogo kuliko ya mahindi na karanga. Ukaguzi uwepo pale pale, ila mzazi apewe hiari ya kuleta uwele.

Mjumbe wa kamati ya shule (Kondoa)

Yote mazuri, ila hela? Halmashauri ikiambiwa ifidie madebe, kila mtu ataleta mabovu abadilishiwe. Ndani ya msimu mmoja mazuri yote yatakuwa sokoni na mabovu yote stoo ya shule.

Mleta mada (Kongwa)

Mjumbe, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa hapa. Fidia isiwe debe kwa debe bila kuuliza. Kwanza mzazi achambue pale pale kwenye turubai akisaidiwa na kamati. Punje mbaya zikitolewa, mara nyingi debe linapungua, haliishi. Kinachofidiwa ni pengo hilo tu. Anayeleta debe zima bovu mwaka hadi mwaka na ana ekari nyingi, kijiji kinamjua. Vipimo vya vijiti vitumike kwa stoo nzima, kwa sampuli kama alivyoeleza afisa ugani, si kwa kila mzazi.

Kuhusu hela, halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa mazao, na mahindi ndiyo yanayoujaza mfuko huo hasa kwetu wenye soko la Kibaigwa. Mama wa Mpwapwa ametueleza wazi: mazuri yanauzwa, mabaya yanaliwa nyumbani. Halmashauri inatoza ushuru kwenye yale mazuri. Sioni dhambi kudai sehemu yake irudi kufidia pengo la stoo ya shule. Na kituo cha kuhifadhi mazao baada ya kuvuna kimejengwa Mtanana, wilayani kwetu, kwa mradi wa TANIPAC ulioanzishwa kwa ajili ya sumukuvu. Walimu na kamati za shule wawe wa kwanza kupelekwa pale kujifunza.

Mama (Mpwapwa)

Hilo la kuchambua pale pale na kufidia pengo nalikubali. Nina sharti moja. Majina ya waliokutwa na mahindi mabaya yasisomwe kwenye mkutano wa kijiji. Mkiyasoma, mwaka ujao hamtaona debe langu wala la jirani yangu, na mtakuwa mmewapoteza wale wale mnaotaka kuwakinga.

Mleta mada (Kongwa)

Sharti lako nalichukua kama lilivyo, nitalipeleka kwenye kikao cha wazazi. Linabaki jambo ambalo hakuna aliyelijibu: punje zilizotolewa zikiwekwa kwenye magunia nyuma ya stoo, kabla ya wiki zitakuwa zimeuzwa kwa mtu wa kuku au zimeingia kwenye pombe ya kienyeji. Mimi napendekeza zichomwe siku ile ile, mbele ya kamati na mtendaji wa kijiji. Ambao kijijini kwao wameshafanya hivyo, tuandikieni hapa mlifanyaje, na nani alishika ufunguo.