Kulabu ndogo za springi kwa mjengo: ya zinki, ya stenlesi au ile ya shingo inayozunguka?

msimamizi_mamboleo

Wadau, hamjambo. Nina mjengo wa ghorofa tatu huku Mamboleo, Kisumu, na nimetumwa kununua kulabu ndogo za springi, hizi wengine mnaziita karabina. Kazi ni tatu: kufunga zana za mafundi zisidondoke, kushika neti ya kijani kwenye jukwaa, na kuvuta ndoo za zege kwa kapi. Nimezunguka hadwea nne nikarudi na sampuli tatu, ziko hapa mezani.

Ya kwanza ni chuma kilichopakwa zinki, unene milimita 8, urefu 80. Ulimi unafunguka na kurudi wenyewe, na ile pini ya ulimi inakaa kwenye mkato wa pua bila kuchezacheza. Ila haijaandikwa chochote. Ya pili ni stenlesi, 6 kwa 60, imeandikwa 316 (ni daraja la stenlesi), na bei yake ni mara tatu ya hiyo ya kwanza. Ya tatu ina rangi ya dhahabu, shingo inazunguka, unaifungua kwa kuvuta kitasa kidogo kwa kidole gumba. Nzito mkononi, inapendeza kweli. Muuzaji ameapa inabeba nusu tani. Mnasemaje?

BintiSeremala

Hiyo ya dhahabu irudishe kabla risiti haijapotea. Ni ya kamba ya mbwa.

Nasema hivi kwa sababu ilinitokea Kakamega mwaka jana. Nilikuwa nimeitumia kufunga nyundo kiunoni, nyundo ikachomoka mkononi, kamba ikanyooka, na kulabu ikakatika kama biskuti. Nilipookota kipande, ndani kilikuwa kijivu, chembechembe kama sukari. Ile ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu halafu ikapakwa rangi. Nyundo ilipita kwenye mabati ya choo cha jirani. Jirani hakuwa ndani, Mungu mkubwa, lakini bati nililipa mimi.

duka_kibuye

Mimi niko upande wa wauzaji, msinipige mawe. Hizo za kumiminwa utazijua ukiangalia ubavuni: kuna mstari mwembamba pale kalibu mbili zilipokutana. Ile ya waya wa chuma uliopindwa haina mstari huo. Watu wanakuja na sumaku ya spika mbovu wakidhani wamemaliza, kumbe stenlesi nzuri haishiki sumaku na aloi ya zinki pia haishiki. Sumaku itakuambia tu kama ni chuma cha kawaida.

Na kuhusu maandishi, bosi: muuzaji akisema nusu tani, mwambie akuonyeshe imeandikwa wapi. Hata mimi niambie hivyo hivyo, sitakasirika.

fundi_wa_58

Salamu kutoka Nakuru, Section 58. Neti isikusumbue kichwa. Hata ya milimita 5 inatosha, upepo ukivuma neti inavutwa na kulabu nyingi kwa pamoja. Sisi tulikuwa tunatumia waya wa kufungia vyuma, lakini kila ukitaka kupitisha mbao unakata waya, na jioni hakuna anayekumbuka kuurudisha. Kulabu unafungua, unapitisha, unafunga.

Stenlesi kwa neti ni kutupa pesa. Mjengo unaisha kabla ya kutu kuanza, hata na unyevu wenu wa ziwani.

msimamizi_mamboleo

Asante fundi. Hapo nimepata. Sasa kapi. Nimesoma kwamba zile zilizotengenezwa kwa kipimo cha Ujerumani, DIN 5299, ya 8 kwa 80 huorodheshwa kubeba kama kilo 230. Ndoo yangu ni ya lita 20. Si itabeba na chenji ibaki?

jaduong_mstaafu

Mwanangu, hesabu ni nzuri, lakini umepima ndoo iliyotulia. Zege bichi ni kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo lita 20 ni karibu kilo 48. Sawa. Sasa simama chini ya hiyo kapi uangalie. Ndoo inapanda, ukingo wake unanasa chini ya slabu. Vijana wawili wanavuta kwa nguvu zote. Inachomoka ghafla, inaruka, kamba inalegea, halafu inashika tena kwa kishindo. Mshtuko huo si kilo 48.

Na hilo bado si baya zaidi. Kamba inapolegea, mkono wa ndoo, ule waya mwembamba, unateleza ndani ya kulabu na kupanda juu ya ulimi kutoka nje. Kamba ikikaza tena, waya unaukandamiza ulimi kuelekea ndani na ndoo inatoka yenyewe. Hakuna kilichovunjika. Utaikuta kulabu inaning'inia nzima kabisa, imefungwa, na watu wataapa kwamba aliyefunga ndoo hakuifunga. Nimeyaona haya mara mbili katika kazi yangu, na mara zote mbili alilaumiwa mtu wa mkono.

Ya kuvutia ndoo tumia shakeli, kile chuma cha umbo la U chenye pini ya kukaza, au ndoano ya kapi yenye kizuizi, iliyoandikwa mzigo wake. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka vifaa vya kunyanyulia vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa na mzigo wake salama ujulikane. Kulabu isiyoandikwa kitu utaikaguaje?

omera_mjengo

Jaduong', kwa heshima, mnatutisha bure. Mimi vijana wangu wa kupiga plasta nje wanavaa mshipi kiunoni na hiyo hiyo ya milimita 8. Kijana ana kilo 70. Kilo 230 inambeba mara tatu.

jaduong_mstaafu

Omera, zitoe leo.

Kijana wa kilo 70 akianguka mita moja na nusu halafu kamba imshike, hiyo nguvu si kilo 70 tena. Chukua kamba za kitaalamu zenye kifyonza mshtuko, zile ambazo kipande chake kinararuka taratibu ili kumpunguzia mtu pigo. Kipimo cha Ulaya kinaziruhusu nguvu ya hadi kilonewtoni 6, ambayo ni kama uzito wa kilo 600. Hapo mambo yote yameenda vizuri. Wewe una kamba ya sisal na kulabu ya 230.

Kulabu za watu ni kitu kingine kabisa. Ulimi wake unajifunga wenyewe na kujikaza, kuufungua lazima ufanye vitendo viwili tofauti, na Marekani wanataka ihimili kilonewtoni 22 kabla ya kukatika. Huko, tangu tarehe 1 Januari 1998, kulabu isiyojikaza imepigwa marufuku kwa kumzuia mtu anayeanguka, na siku hiyo hiyo wakapiga marufuku mshipi wa kiunoni kwa kazi hiyo. Mshipi unamshika mtu tumboni, na unaweza kumwumiza vibaya hata kama hakufika chini.

omera_mjengo

Hanesi, ile mikanda ya mwili mzima, ni ghali na kontrakta halipi.

BintiSeremala

Basi plasta ipigwe kutoka jukwaa lenye mbao za kutosha na reli. Hata hiyo kontrakta halipi?

omera_mjengo

Reli tuna mabomba ya kuziweka. Nitaongea naye.

fundi_wa_58

Turudi kwa zana, maana hapo ndipo hizi ndogo zina kazi. Nyundo ikitoka slabu ya tatu, tuseme mita 9, inafika chini ikienda karibu kilomita 48 kwa saa. Hiyo ni matatu kichwani.

Kwa zana nunua ile yenye kikaza cha kuzungusha juu ya ulimi. Bila kikaza, kulabu inakwaruza bomba la jukwaa na ulimi unafunguka bila wewe kujua. Kamba iwe fupi. Nyundo kubwa na grainda usizifunge mwilini mwa fundi, zifunge kwenye jukwaa lenyewe, la sivyo grainda ikienda itaenda naye.

Kitu kingine ambacho hakuna anayekisema ni mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga. Mota ikiingia kwenye bawaba ya ulimi na kukauka, ulimi unabaki nusu wazi na springi haina nguvu ya kuurudisha. Kila jioni vijana wangu wanazitumbukiza kwenye maji na kuzipiga brashi ya waya. Asubuhi unasukuma ulimi kwa kidole na kuuachia: usiporudi kwa mlio wa "tak", unaitupa. Usiipake rangi, usiichome kwa welding kuinyoosha.

duka_kibuye

Na ukiitupa, ipinde kwanza kwa nyundo. Nimewahi kuletewa dukani kulabu niliyoitupa mwenyewe, mtu akidai nimemuuzia mbovu.

msimamizi_mamboleo

Nimerudi na majibu. Nilibana ile ya dhahabu kwenye vaisi na kuipiga nyundo mara mbili. Kwa pigo la pili ikakatika shingoni, na ndani ni sukari kama alivyosema BintiSeremala. Ile ya zinki ilipinda tu.

Nimenunua za milimita 5 za zinki kwa neti, 30 hivi. Za zana ni 12, zenye kikaza, na mzigo umechapwa ubavuni. Kapi imepata shakeli, na vijana wanalalamika kwamba kukaza pini kunawachelewesha. Stenlesi nimeiacha dukani.

Za neti zimebaki 28. Mbili nimeziona leo kiunoni mwa mafundi zikining'iniza funguo za pikipiki, nikajifanya sijaziona.