Mafunzo ya uongozi wa safari za nje kwa wanachuo: nianzie wapi?

Kijana wa Langoni
Asalaam aleikum jamani. Mimi ni wa Lamu, nasoma chuo Kilifi, mwaka wa pili. Nimepewa uenyekiti wa klabu ya mazingira, na wenzangu wanataka tutoke: tulale msituni, tusafiri kwa mashua. Bahari naijua. Kuongoza watu wasiojua demani ni kamba gani ndiko kunakonitia hofu. Likizo yetu ndefu ni Mei hadi Agosti. Pesa ni ya HELB, mkopo wa serikali wa wanafunzi, na ya mjomba, basi msinitajie mambo ya Ulaya.

Bi Gede
Waalaikum salaam, mdogo wangu. Mimi hutembeza wanafunzi msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida (mamangu hadi leo anauliza kwa nini mtu alale msituni na kitanda kipo). Anza na Tuzo ya Rais, ile inayoitwa President's Award, mpango wa vijana wenye ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Iko Kenya tangu 1966. Ngazi ya dhahabu unaingia ukiwa na miaka 16 au zaidi, na sharti umalize kabla hujatimiza 25. Kama hukupitia ngazi ya fedha, jiandae kwa mwaka mmoja na nusu wa kujitolea, kujifunza ujuzi na kufanya mazoezi ya mwili. Juu yake kuna safari ya siku nne na usiku tatu, na kabla ya hiyo mnafanya ya majaribio. Kundi ni watu wanne hadi saba, kwa hiyo klabu nzima haiingii safari moja. Uliza chuoni kama kuna mlezi wa Tuzo.

Ukipata mfadhili, kuna Outward Bound, shule ya mafunzo ya nje, kule Loitokitok, chini ya Kilimanjaro. Ni shule ya zamani, ya tangu miaka ya 1950. NOLS ya Marekani, shule ya uongozi wa safari za nje, nayo iliwahi kuwa na tawi hapa Kenya. Siku hizi ni kuifuata kwao, na mjomba hatakuelewa. Ila utaratibu wao uige bure: kila siku mwanafunzi mmoja anakuwa kiongozi, jioni wanakaa kitako kumwambia alipofanya vizuri na alipokosea. Kozi yoyote utakayoambiwa, uliza hilo kwanza: mwanafunzi anaachiwa lini aongoze? Wakijibu kwa kukutajia urefu wa mlima, hao wanauza matembezi.

Kijana wa Langoni
Ahsante dada. Safari hiyo lazima iwe ya miguu?

Bi Gede
La. Baiskeli, kasia, tanga, vyote vinakubalika. Injini ndiyo haitakiwi.

Nahodha Mstaafu
Mwanangu, Mei hadi Agosti ni kusi, upepo mkali wa kutoka kusini. Bahari ya nje usiiwaze na watu wageni, hata wakikubembeleza. Piteni ndani. Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, unapitika maji yakijaa. Kwenda magofu ya Takwa kwa mkono ule wa mikoko wa Manda ni vivyo hivyo, mkichelewa mtakaa topeni na mbu mpaka maji yarudi. Kwa hiyo saa ya kung'oa nanga haiamuliwi na aliyeamka mapema. Mpe mwanafunzi mmoja ahesabu mwezi, ajue kama ni bamvua, maji yajaapo na kutoka sana, au maji mafu, yasogeapo kidogo, aseme mtaondoka lini. Wewe nyamaza. Akikosea kwa nusu saa, mwache. Akitaka kuwatoa nje ya mlango wa bahari upepo umechacha, hapo mkatize, tena mbele ya wote. Maboya ya kuvaa yawe sawa na idadi ya watu, na nahodha wa chombo awe mtu mzima mwenye kazi yake, si wewe. Kabla hamjaondoka waambieni BMU, kamati ya wavuvi ya ufuoni, na walinzi wa pwani njia mtakayopita na siku ya kurudi.

Kijana wa Langoni
Nimekuelewa, ami. Na huduma ya kwanza?

Bi Gede
Hiyo usingoje Tuzo. Msalaba Mwekundu na St John wanafundisha, nendeni hata watu wanne wa klabu kabla ya Mei. Kisha waombe wawaongezee somo la mtu aliyezama na la kuumwa na nyoka, na muwaeleze wazi kwamba mtakuwa mahali ambapo hospitali iko mbali kwa saa kadhaa.

Nahodha Mstaafu
Na mwiba wa taa, yule samaki bapa wa mchangani. Huo ndio utakaowapata.