Laptopu kioo kimepasuka, nataka iwe seva ya picha nyumbani. Nianzie wapi?

ipagala_dom
Wakuu habari zenu. Nina laptopu ya zamani hapa, i5 ya kizazi cha nne, RAM 8GB, kioo kimepasuka ila ukiichomeka kwenye TV inaonyesha vizuri tu. Nyumbani kila simu inalia imejaa, picha za watoto tangu wanazaliwa ziko kwenye simu ya mama watoto, na ile hifadhi ya bure ya mtandaoni ya 15GB ilijaa kitambo, sasa tunaambiwa tulipie kila mwezi na mimi sitaki kulipia picha zangu maisha yote. Nasikia unaweza kujitengenezea seva kwa programu huria. Wengine wananiambia ninunue Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), wengine wanasema laptopu hii hii inatosha. Hela niliyonayo ni ya diski tu kwa kweli. Umeme huku unakatika katika na intaneti natumia ruta ya laini ya simu. Nataka picha ziingie zenyewe kutoka kwenye simu na mama watoto azione hata akiwa kazini.

fundikaya
Mkuu usinunue mashine, hiyo uliyonayo inatosha na chenji inabaki. Pi ni nzuri ila wengi wanaiendesha kwa memori kadi, na kadi inayoandikwa muda wote halafu umeme unakatwa ghafla haidumu, ukijumlisha adapta, kesi na diski unajikuta umefika bei ya kompyuta ndogo ya mtumba. Laptopu ina betri, yaani UPS (ya kushikilia umeme ukikatika) imo humo humo.

Ipige Debian (mfumo endeshi huria wa Linux) isiyo na desktopu, yaani bila madirisha ya kubofya. Kwenye ukurasa wa kuchagua programu toa tiki zote, bakiza SSH server (ya kuiendesha ukiwa kwenye kompyuta nyingine) na standard system utilities. Ikishawaka fungua /etc/systemd/logind.conf, tafuta mstari wa HandleLidSwitch, toa alama ya reli (#) mwanzoni na uandike HandleLidSwitch=ignore kisha uiwashe upya. Usipofanya hivyo ukifunga mfuniko tu inalala na seva inapotea. Ichomeke kwenye ruta kwa waya, wifi waachie simu.

Kwa picha weka Immich, programu huria ya kutunza picha, inakaa ndani ya Docker (kifaa cha kuendesha programu zikiwa kwenye vifurushi vyake), ina app ya Android na ya iPhone. Inatambua sura, unampa mtoto jina mara moja halafu ukimtafuta zinakuja picha zake zote. Hiyo kazi ya kutambua sura inabana prosesa mwanzoni ukimwaga picha nyingi kwa mpigo, iache ifanye usiku itamaliza tu.

bahari_moja
Nakubaliana na fundikaya ila hapo kwenye betri naomba tusipite haraka. Betri ya umri huo ikikaa kwenye chaji usiku na mchana inaweza kuvimba, na betri iliyovimba ni moto unaosubiri. Geuza laptopu uiangalie, ukiona mfuniko wa chini haukai sawa au pale pa kugusia mausi pameinuka, toa betri leo hii usisubiri. Kama ni ThinkPad weka TLP (programu ya kusimamia umeme kwenye Linux) uizuie chaji iishie asilimia 80. Huku Mombasa wengi tunachukua zile kompyuta ndogo za mtumba za maofisini, HP EliteDesk Mini au ThinkCentre Tiny, hazina betri lakini ndani ya BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) unaziambia ziwake zenyewe umeme ukirudi. Hiyo ni ya baadaye ukipata hela.

Diski ya USB ifomati ext4 (mpangilio wa diski wa Linux), na kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa mashine ikiwaka, weka neno nofail. Bila hilo neno, siku waya umelegea mashine itagoma kuwaka, na wewe huna kioo cha kukuonyesha tatizo ni nini.

ipagala_dom
Asanteni sana, betri nimeikagua iko bapa. Sasa kuhusu kuona ukiwa nje ya nyumba, nimeingia kwenye ruta, IP (anwani ya mtandao) inaanza na 100.72. Na LUKU je, haitanimaliza?

mtu_wa_waya
Hiyo 100.72 inaonyesha huna IP yako mwenyewe, kuanzia 100.64 mpaka 100.127 ni anwani ambazo kampuni za simu zinagawia wateja wengi nyuma ya IP moja. Kufungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) kwenye ruta hakutasaidia, na hata ingewezekana ningekuambia uache. Weka Tailscale, programu ya mtandao wenu binafsi, kwenye seva na kwenye simu zenu, chini yake kuna WireGuard (njia ya siri ya kuunganisha vifaa), zinaonana popote mlipo. Seva yao ya kuunganisha siyo huria, ukitaka huria mpaka mwisho ipo Headscale, seva mbadala unayoiendesha mwenyewe, ila hiyo inahitaji mashine yenye IP ya wazi.

Ukiwa nyumbani picha zikitoka simu kwenda seva kwa wifi hazili bando hata kidogo, hazitoki nje ya ruta. Kwa hiyo mzigo wa kwanza wote mmwage mkiwa nyumbani.

LUKU usiogope. Laptopu imetulia na kioo kimezimwa chukulia wati 15, mwezi mzima ni kama unit 11. Desktopu kuukuu ya wati 60 ingekula 43, na kwa aliyeko kwenye tarifu ndogo inayoishia unit 75 kwa mwezi hapo ndipo panapouma.

fundikaya
Nyongeza moja, na hii naisema kwa uzito kwa sababu ni picha za watoto. Diski moja siyo bakapu. Nunua mbili za kawaida badala ya moja kubwa, ya pili ikae kwa ndugu, iwe inakuja kila mwezi unanakili kwa rsync (programu ya kunakili mafaili) folda nzima ya Immich, maana humo kuna picha na nakala ya database inayojitengeneza yenyewe usiku, ndiyo yenye albamu na majina. Na kwenye simu ya mama watoto usifute kitu mpaka ufungue picha kadhaa kutoka kwenye hiyo diski ya pili, kwenye kompyuta nyingine.